Mtoto kwa Kipimo cha Mzee

Katika soko la mifugo la Bunia, kondoo jike alimzungushia Annette kamba miguuni, karibu amwangushe na kitenge chake kipya. Mwenye kondoo akainama kumfungua, shati lake jeupe likiwa jekundu kwa vumbi.

"Pardon, mama. Huyu anapendaka watu wazuri."

Annette alijikaza asicheke, akashindwa. Hivyo ndivyo alivyomjua Yves. Zikafuata simu za kila asubuhi, sheri huku, sheri kule, yaani mpenzi, mpaka Yves akaleta mahari kwa mama yake Annette. Mbele alitanguliza kondoo yule yule, sasa ana mtoto.

Annette alikuwa akipima damu ya wanyama katika labo, maabara ya mifugo. Alitaka kondoo hao wageni wapimwe kabla hawajachanganywa na kundi la mama yake. Chembe nyeupe za damu ndizo askari wa mwili. Za kondoo mzee zilikuwa chache. Za mtoto zilijaa tele. Annette, aliyezoea damu ya wanyama wakubwa tu, akaona huo ni ugonjwa, akampigia Yves aje kumrudisha mtoto.

Yves alikata simu. Kwa mila za kwao wote wawili, mnyama wa mahari akirudishwa, ni mwanaume amerudishwa. Alikuja, akambeba mwana-kondoo mabegani, mama kondoo akafuata akilia. Tangu hapo hakupokea simu.

Annette alilia, lakini jambo moja lilimkera: mtoto yule alikuwa akirukaruka. Mgonjwa gani huyo? Akapima wana-kondoo wazima wa mama yake. Askari tele, wote. Majike wazee, wachache. Basi ndivyo umri ulivyo: mwili mchanga huita askari wengi, na miaka huwapunguza. Yeye alikuwa amempima mtoto kwa kipimo cha mzee.

Akashika barabara ya Nyankunde, kwao Yves, akamkuta Yves malishoni.

"Ulisema iko mugonjwa," Yves alisema bila kugeuka.

"Nilikosea. Iko muzima. Watoto wote wanakuwaka na askari mingi mu damu, wazee kidogo. Nimekuja kumuchukua mutoto, na mama yake, na mwenye kuwaleta."

Yves alikata jani, akalitafuna polepole.

"Na siye tukizeeka? Askari wangu wakibakia kidogo, utanirudisha?"

"Nitakupima mimi mwenyewe, sheri. Na kipimo ya muzee."

Hapo Yves akacheka. Akampa mwana-kondoo ambebe, naye akashika kamba ya jike.

Walipofika Bunia, mama yake Annette alikuwa akifagia uani.  Aliweka ufagio chini, akawafungulia mlango wa zizi.