Kosa la Joto

Kila jua lilipofika utosini, vipimanuru vya jiji la Ukingoni vilianza kulia. Vilikuwa vyombo vidogo, kila kimoja kama kiberiti, vimebandikwa kwenye jabali refu ambalo jiji lilijengwa ubavuni mwake. Kila kipimanuru kilirusha mwali wa leza hadi kwenye kioo kilichofungwa ng'ambo ya ufa, kikaupokea ukirudi, na kwa kuulinganisha uliokwenda na uliorudi kikajua kama mwamba umesogea, hata kwa unene wa unywele. Ukisogea kupita kiasi, king'ora kililia na watu wa mitaa ya juu walitakiwa kushuka.

Tabu ni kwamba vililia mno. Miaka hiyo joto la bondeni lilikuwa limepanda hata watu wakawa wanafanya kazi alfajiri na jioni tu, na chombo kidogo kina ubaya wake: hakina pa kulificha joto. Kiunzi chake kikipanuka kidogo, vioo vya ndani hupinda, mwali hupotoka, na chombo husema mlima umetembea kumbe kimetembea chenyewe. Hivyo ndivyo ilivyoamua tume baada ya ajali ya ngazi.

Ajali hiyo hakuna mtu wa Ukingoni asiyeijua. Mhandisi Gaudence Haule, msimamizi wa vipimo wakati huo, alipiga king'ora adhuhuri, watu wakasukumana kwenye ngazi kuu, na binti mdogo aitwaye Mwajabu akakanyagwa hadi kufa. Mlima haukuanguka. Haule aliiambia tume kwamba mwamba ulisogea kweli. Tume iliandika kuwa lile lilikuwa kosa la joto, na mahakama ikampeleka jela.

Nafasi yake alipewa Tausi Mwambungu, na pamoja nayo kazi moja: kuliondoa kosa la joto. Aliifanya kwa moyo wote, kwa sababu alimwamini kila aliyemwambia kwamba mtoto yule aliuawa na chombo kibovu. Alitengeneza kiunzi cha aina mbili za madini. Cha nje kiliporefuka kwenda mbele, fimbo ya ndani ilirefuka kurudi nyuma kwa kiasi kile kile, na umbali kati ya vioo ukabaki ulivyo. Akakivika utando wa shaba uliolitawanya joto ili ubavu mmoja usiungue kuliko mwingine. Kilipotiwa kwenye tanuri ya majaribio na moto ukapandishwa, mstari wa kipimo ulilala kimya kama uzi uliovutwa. Wenzake walimpigia makofi. Tausi alikwenda kunawa uso ili wasimwone akilia.

Vipimanuru vipya vilifungwa mlimani. Adhuhuri ya kwanza vikalia vyote.

Tausi alidhani amekosea. Alivibadilisha, akavijengea vivuli, akaleta vingine vilivyokuwa vimekaa kwenye barafu, na majibu yakawa yale yale. Jua lilipolipasha jabali, nyufa zilifunguka. Jioni zilifungika, lakini hazikufungika kabisa. Kila siku mlima ulibaki umeachama zaidi kidogo kuliko jana. Alipochukua vipimo vya zamani, vile vilivyomfunga Haule, akaondoa humo kiasi ambacho chombo cha kale kingeweza kupinda, bado kilibaki kipande kikubwa ambacho hakikuwa cha chombo. Kilikuwa cha mlima.

Alimpelekea Shaibu, mkurugenzi wa kituo cha vipimo, habari hizo siku ile ile. Mkurugenzi hakubisha. Alimmiminia maji baridi, akamweleza kwa upole kwamba mitaa ya juu ina watu wengi na hakuna mahali pa kuwapeleka, na kwamba tume ilikwishasema. Kisha akamwomba aielekeze akili bandia ya kituo, iliyosoma vipimo vyote, iondoe kwenye hesabu mwendo wowote unaokuja na jua.

"Nikifanya hivyo, chombo kitasema sifuri," Tausi alisema.

"Si ndicho tulichokuajiri ufanye, Mhandisi?"

Tausi aliyaacha yale maji mezani. Alitoka pale akamtafuta Haule, ambaye baada ya kifungo alikuwa amepanga kibanda sokoni, akitengeneza miwani. Alimkuta amekonda, ameinamia kioo cha miwani. Tausi alimwamkia, akamwambia yote. Alitegemea mzee angelia, au angemlaani mtu.

Haule alifuta kioo, akakiweka chini.

"Umewashusha watu?"

"Bado, Mzee. Mkurugenzi anasema..."

"Basi hukuja kuniambia nilikuwa sahihi, mwanangu. Umekuja nikupe ruhusa ya kungoja. Sina."

Kesho yake adhuhuri Tausi alikipiga king'ora mwenyewe. Alikuwa amepanga walinzi kwenye ngazi, watu wakashuka kwa utaratibu, wakakaa bondeni juani hadi jioni wakilitazama jabali. Halikudondosha hata kokoto. Watoto walizimia kwa joto, na wakubwa walipopanda kurudi makwao walimpita Tausi bila kumsalimu. Mmoja alimtemea mate miguuni. Tausi alifukuzwa kazi kabla ya wiki kwisha. Akili bandia ikaelekezwa kama Mkurugenzi alivyotaka, na jiji likapata utulivu ambao lilikuwa limeusahau. Magazeti yaliandika kwamba kosa la joto limekwisha, na chini yake yakaweka picha ya kipimanuru cha Tausi.

Mlima ulianguka mwezi wa joto kali, mchana, watu wakiwa wamelala ndani kulikimbia jua. Hakuna king'ora kilicholia. Vipimanuru vilivyookotwa kwenye kifusi vilionyesha sifuri mpaka pale mwali ulipokatika.

Tausi alijiunga na wafukuaji. Huko ndiko alikosikia, kwa mwanamume mmoja aliyeokoka na familia yake, kwamba tangu siku ile ya kushuka bure Mzee Haule alikuwa akifunga kibanda chake kila jua linapokaribia utosini, akapanda ngazi, akapita mlango kwa mlango akiwaomba watu washuke hadi jioni. Walimwita mfungwa kichaa. Wachache walishuka, wengine kwa kumwonea huruma tu.

"Mimi nilishuka ili aniache nipumzike," yule mwanamume alisema, akitazama pembeni. "Nilimwacha kwa Bi Sikujua. Kwake alikuwa anakaa sana."

Bi Sikujua alikuwa mama yake Mwajabu. Tangu mazishi ya mwanawe aliapa kwamba hatashuka tena ngazi ile kwa sauti ya mtu wa vipimo, na siku zote Haule alipobisha hakumjibu neno. Yeye naye hakuacha kubisha.

Walimfikia Haule alasiri, akiwa amekwisha kufa. Alikuwa amekaa kizingitini, bega limeegemea mlango, ngumi imejikunja. Walipouinua mlango walimkuta Bi Sikujua nyuma yake, naye amekufa, karibu sana, kana kwamba alikuwa amesogea kusikiliza.

Kitasa kilikuwa kimefungwa kwa ndani. Ufunguo Bi Sikujua alikuwa ameushika mkononi.