Pini Tatu Kwenye Redio ya Baba

Mafundi wawili walikwisha kumwambia aitupe. Wa kwanza hakuinua hata macho kutoka kwenye simu aliyokuwa akiichokonoa. Wa pili alicheka, akamwonyesha redio mpya yenye taa za rangi. Mshonaji alisimama katikati ya vibanda vya vifaa vya umeme, muziki wa kila duka ukigombana na wa jirani, ameikumbatia redio kuukuu kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Gauni lake la bluu lenye kola nyeupe, alilolishona mwenyewe, lilikwisha kuingia vumbi.

Ndipo kijana aliyekuwa akinunua waya wa kulehemu alipogeuka. Shati lake la mistari halikuwa na kifungo cha tatu. Jicho la mshonaji liliona hilo kabla ya kuona uso. Kijana akaiomba redio, akaiwasha, akaibandika sikioni na kufumba macho. Sauti ilitoka imechanika, kama mtu anayezungumza huku ana kokoto mdomoni.

"Huyu ni mwanamke," alisema, "anasoma habari za mafuriko. Haijafa, dada. Kuna kitu kinaikwaruza."

Mshonaji alibaki akimtazama. Kwa wiki tatu yeye hakuambulia hata neno moja.

Alimweleza kwamba hawezi kuiacha hata siku moja. Baba yake, mwalimu mstaafu, alipigwa na kiharusi miezi minane iliyopita. Mkono wa kulia na ulimi vikamgomea. Maneno yakawa yanatoka yamevurugika, binti anajibu kwa kukisia, mpaka mzee akachoka kusema. Kilichobaki kikizungumza chumbani mwake ni ile redio ya masafa mafupi. Ilipoharibika, aligeukia ukuta. Hilo ndilo lililomtisha binti: kwamba baba anaondoka huku bado anapumua.

Kijana, kumbe naye fundi wa redio, akafungasha bisibisi zake, akaenda naye nyumbani.

Kilikuwa chumba kimoja chenye kitanda cha mzee upande huu na cherehani upande wa dirishani. Fundi alimwamkia mzee, naye akaitikia kwa mguno. Betri mpya hazikusaidia. Ndipo fundi akachomeka hedifoni, akamvisha mshonaji masikioni, na sauti ikamwingia safi kama maji ya kisimani. Mshonaji akaziba mdomo kwa mkono.

"Hiyo imetoka bara jingine," fundi alisema taratibu. "Haikupita barabarani. Imerushwa juu, ikagonga anga, ikarudi chini, ikagonga bahari, ikaruka tena, mpaka ikaingia kwenye hii antena yako iliyopinda. Safari yote hiyo imefika salama. Imekuja kuharibikia mlangoni, kwenye spika."

Mshonaji alitazama kipande cha mbingu dirishani. Maisha yake yote alikuwa akishona chini ya sauti zile, wala hakujua.

Fundi alipofungua mgongo wa redio, alikuta pini tatu. Mbili zimeng'ang'ania sumaku ya spika. Ya tatu imepenya na kuichana karatasi ya spika, ile inayotoa sauti.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, akazipanga kiganjani.

Mshonaji alitazama meza yake. Redio ilikaa pale miezi yote, katikati ya pini zake, ili yeye na baba wasikilize pamoja. Kumbe ni yeye. Uso wake ulionyesha, maana fundi aliharakisha kusema kwamba sumaku haina adabu, huvuta chochote kilicho karibu. "Na mimi nimevutwa mpaka huku, Sindano, wala sikulaumu," alisema, akimbatiza jina la kazi yake.

Mshonaji alicheka, akainamisha uso. Fundi akamwomba kipande cha karatasi yake nyembamba ya kuchorea mishono, akakibandika penye mchaniko kwa gundi iliyozimuliwa, akaagiza redio isiwashwe mpaka kesho.

Jioni simu iliita.

"Gundi imekauka?"

"Si ulisema kesho?"

"Nilisema. Nina wasiwasi tu."

"Wa gundi?"

"Na wa gundi pia."

Asubuhi walipoiwasha, sauti ilijaa chumba bila mkwaruzo hata mmoja. Mzee akageuka kutoka ukutani. Akasema jambo refu, maneno yakipandana.

"Ndiyo baba, chai inakuja," binti akajibu haraka kama kawaida yake.

Fundi akachuchumaa kando ya kitanda, akafumba macho kama jana kule vibandani. "Rudia, mzee. Pole pole." Mzee akarudia. "Hataki chai," fundi alisema kwa sauti ndogo. "Anasema upumzike. Anasikia cherehani tangu alfajiri, na macho yako yataharibika."

Machozi yalimtiririka mzee upande mmoja wa uso. Binti alisimama na kikombe mkononi. Miezi minane alikuwa akimletea chai! Aibu ikageuka hasira kabla hajaitambua. Akamshukuru fundi kama mteja, akamfungulia mlango. "Ulikuja kutengeneza redio," alisema, "siyo sisi."

Siku nne fundi alipiga simu. Siku nne hakupokea. Siku ya tano alisimamisha cherehani, akaketi kitandani, akafumba macho. "Rudia, baba." Mara ya kwanza ilikuwa ukungu. Ya pili, ukungu. Ya tatu neno moja likatua, zima kabisa, kama ndege kwenye waya: *fundi*. Baba alikuwa akimwulizia fundi.

Akapiga simu. "Nilikuonea wivu," alisema, salamu hakuna. "Umemsikia baba yangu kabla yangu."

"Sindano, mimi nina miaka tisa nasikiliza redio mbovu, nimezoea kokoto. Wewe ulikuwa unasikiliza kwa hofu, na hofu ina makelele kuliko vile vibanda."

"Njoo basi. Na uje na hicho kifungo cha tatu, kama unacho."

"Kiko mfukoni. Nilikuwa nangoja uniulize."

Alikuja. Kifungo kilishonwa shati likiwa mwilini, mshonaji akiwa karibu mno hata fundi akasahau kupumua. Akaja tena kesho yake, na wiki zilizofuata, watu watatu na redio moja, mpaka Jumamosi aliyotokea na shati lililopigwa pasi, vifungo vyote mahali pake. Aliketi mbele ya mzee, redio ikizungumza kando, akamwomba amwoze binti yake.

Mzee akasema, maneno marefu yakigongana njiani.

"Amesemaje?" mshonaji aliuliza.

Fundi, jasho likimtoka, alitikisa kichwa. "Hilo siwezi kukufasiria. Mimi nina maslahi."

Basi mshonaji akapiga magoti, akafumba macho. Hakuyakimbiza maneno, aliyangoja. Yakaja kutoka mbali, yamechoka, yamegonga huku na kule, yakatua moja moja. *Kijana ana masikio. Lakini moyo ni wako. Wewe unasemaje?*

Safari yote hiyo, na imefika salama.

"Nimekusikia, baba," alisema. "Namtaka."

Mzee akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akaizima redio.