Bata Mzinga wa Uzi Mwekundu

Haya, wajukuu zangu, nani atanitegulia kitendawili? Kalala motoni tangu asubuhi, kajifunika shuka linalong'aa, na tumboni bado ana baridi. Hamna? Kaeni niwaambie.

Binti mmoja, fundi cherehani, alimpata mpenzi wake dukani, kwenye msongamano. Kijana alikuwa fundi friji: kichwa ndani ya friji la nyama, miguu njiani. Binti, na gauni lake la njano lililomkaa sawasawa, akajikwaa.

"Kaka, wewe unauzwa kwa kilo?"

"Kwako dada, bure."

Yakaanza hapo. Hata siku moja kijana akauliza, "Nilete posa?"

Binti akacheka. "Sikukuu njoo na mama yako. Mkishiba, nitakujibu."

Akaamua kuwapikia bata mzinga, kumbe hajawahi kumpika! Alimtoa kwenye barafu asubuhi ileile, akammwagia maji ya moto mpaka ngozi ikalegea, akadhani keshayeyuka. Akamjaza vitunguu na ndimu, akamshona tumbo kwa uzi mwekundu, mshono wa suti kabisa, akamfunika karatasi ya foili inayong'aa, akamtia oveni. Mchana nyumba ikanukia. Akachoma kisu pajani: kikagota barafu.

Mama mkwe atamwonaje? Akampigia kijana simu.

"Msije."

"Mpenzi, ndilo jibu langu hilo?"

Binti akakata simu.

Muda si muda, hodi! Kijana kavaa shati aliloshonewa na binti mwenyewe, uso umemshuka kama kafiwa. Mama yake yuko nyuma.

"Kama hunitaki, niambie usoni."

"Nani hakutaki? Bata kaganda!"

Mama akacheka mpaka kilemba kikamlegea. "We mwanangu, fundi wa barafu mji mzima, umeshindwa kumwambia mwenzio ndege huyu huyeyushwa siku mbili?"

"Hakuniuliza, mama."

"Nilitaka kumshangaza," binti akanong'ona.

"Umetushangaza sote. Lete kisu, mkwe wangu."

Mkwe! Binti nusura adondoshe sahani. Bata akakatwa vipande, akamalizikia sufuriani, na jioni wakala mpaka wakalamba vidole. Kijana akavuta kitu mdomoni: uzi mwekundu.

"Ulitaka kunishona mdomo?"

"Umeshiba?"

"Mpaka shingoni. Sasa nijibu. Nilete posa?"

Binti akautwaa uzi, akamfunga kidoleni.

"Lete. Njia si mama keshaijua?"