Shukrani za Shangazi

Kalamu Nyekundu alikuwa akishonea vifungo kwenye mashati ya shule, lakini masikio yake yalikuwa kwingine. Msichana huyu alipewa jina hilo la utani na wenzake darasani, maana hakuna sentensi iliyompita bila kuirekebisha. Siku hiyo masikio aliyatega kwa shangazi yake, aliyesimama mbele ya mafundi wenzake katika chumba cha ushonaji, mkononi kikombe cha chai iliyokwisha kupoa.

Shangazi alikuwa ameugua kwa muda mrefu. Wakati wote huo, mafundi hao walikuwa wakimaliza kazi zao, kisha wakibaki kushona oda zake ili wateja wasimkimbie. Leo alikuwa amerudi, na alitaka kuwashukuru.

"Wenzangu," alianza, "mimi si msemaji. Lakini kikundi hiki walinishonea..."

"Kilinishonea, shangazi!" Kalamu Nyekundu alidakia. "Kikundi ni ki-, si wa-!"

Kicheko kikalipuka.

"Haya, mahakama imefunguliwa!" alisema fundi wa suruali. "Na umati wa watu, je? Wamekuja?"

"Umekuja," msichana alijibu.

"Kama mtu mmoja, na miguu yote ile?"

Wakacheka tena, isipokuwa shangazi. "Basi, wenye lugha yao waseme," alisema polepole, akaketi, akaanza kutunga uzi kwenye sindano. Uzi ulikataa kupita.

Mafundi wakarudi kwenye cherehani zao. Msichana akainamisha kichwa. Alichosema kilikuwa sahihi, lakini shukrani aliyoiweka shangazi moyoni tangu akiwa kitandani ilikuwa bado haijasemwa. Alitaka kumwendea amnong'oneze samahani. Kisha akawaza: alipomkosoa, mbona hakunong'ona?

Akasimama. "Mama zangu, nimemkatiza shangazi mbele yenu, na mbele yenu naomba radhi. Nisamehe, shangazi. Tafadhali, malizia."

Cherehani moja ikanyamaza, kisha nyingine. Shangazi akainuka.

"Kikundi hiki walinishonea," alisema, akimtazama fundi mmoja baada ya mwingine, "wakanitunzia wateja, wakanifulia hata nguo. Bila ninyi, leo ningekuta kiti changu kina mwenyewe. Asanteni sana."

Fundi wa suruali alijifuta macho kwa kipande cha kitambaa. "Vumbi la nyuzi hili," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Jioni walibaki wawili tu. "Haya, mwanangu," shangazi alisema, "nifundishe: kikundi hiki walinishonea, au vipi?"

"Kilinishonea."

Shangazi alilirudia neno hilo mpaka ulimi ukalizoea. Kisha akasema, "Elimu yako naitaka, usinifiche. Lakini fundi akiona mshono umekwenda upande, hafumui nguo ikiwa mwilini mwa mtu, tena hadharani. Humwita pembeni kwanza."

"Nimeelewa, shangazi. Asante kwa kunisamehe."

"Asante wewe kwa kusimama. Ningelala na shukrani zangu moyoni."

Mashati mengi yalikuwa bado hayana vifungo. Shangazi akayafunika kwa shuka. "Haya ni ya kesho," alisema, akazima taa.