Koki ya Tangi Namba Tatu

SAA 4:10 ASUBUHI, JUMAPILI

Chumba kilikuwa nyuma ya gereji ya kuziba pancha. Dirisha moja, limezibwa kwa bati. Meza moja, viti vinne. Karani alikunjua mchoro mezani, akaukandamiza kwa bisibisi mbili.

"Tangi namba tatu," akasema. "Dizeli. Limejazwa Alhamisi. Leo ofisini hakuna mtu. Getini kuna mlinzi mmoja. Basi."

Karani aliwahi kushika makaratasi ya ghala la mafuta lenye tangi hilo kwa miaka sita. Shati safi, sauti ya chini, macho yasiyopepesa. Kulia kwake alikaa Dereva, jibaba la shingo nene. Kushoto alikaa Shemeji. Na mwisho wa meza, mikono mapajani kama mgeni wa posa, alikaa Kutu.

Kutu halikuwa jina lake. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kulinda matangi yasiliwe na kutu: kukwangua, kupaka rangi, kupima unene wa chuma. Wenzake wakampa jina hilo kwa sababu hakuwa na soga nyingine. Mwaka jana aliandika ripoti kwamba sakafu ya tangi namba tatu imeanza kuliwa. Meneja akaisoma, akaweka kikombe cha chai juu yake. Mwisho wa mwezi Kutu hakuwa na kazi.

Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, sasa miaka miwili. Tangu hapo Kutu aliweza kumaliza siku nne bila kusikia sauti yake mwenyewe. Ndipo Shemeji, mdogo wake marehemu, alipobisha hodi na kumweleza mpango. Kutu hakuuliza atapata nini. Aliuliza, "Tutakuwa wangapi?"

"Waeleze, mzee," akasema Karani.

Kutu akakohoa. "Kila tangi linakusanya maji chini. Unyevu unaingia na hewa, unageuka matone, unashuka mpaka sakafuni. Dizeli inaelea juu, maji yanakaa chini yanakula chuma. Kwa hiyo kila mwezi linakuja gari kuyatoa kwa koki ya chini. Yanatoka maji kwanza. Yakiisha..."

"Inatoka dizeli," akamalizia Shemeji.

"Na sisi tunasahau kufunga," akasema Karani.

"Kusahau ndiyo fani yangu," akasema Dereva. "Muulizeni mke wangu."

Wakacheka. Kutu naye akacheka, akachelewa kidogo, kama mtu aliyepotea njia ya kwao.

"Kibali cha kazi nimeshakijaza," akasema Karani. "Mlinzi anamjua mzee, hatauliza mengi. Saa nane na nusu tunaingia. Saa tisa na nusu tuko barabarani."

SAA 8:34 MCHANA

Jua lilikuwa la kupasua kichwa. Lori la tangi lilisimama getini, wote wanne wamevaa ovaroli za bluu, Karani kofia imemfunika uso.

Mlinzi alitoka kibandani akitafuna kijiti. Alipomwona Kutu, uso ukamchanua.

"Ala! Umerudi?"

"Mkandarasi amenichukua."

"Afadhali! Hapa siku hizi watu wanapita tu kama kivuli. Hata salamu ni ya kuomba."

Mlinzi akapokea kibali, akakishika mbali na macho, akaanza kunakili daftarini. "Na msimamizi ni wewe mwenyewe, naona. Hongera."

Kutu akachungulia. Jina lake lilikuwa pale, lile refu la kwenye kitambulisho, na namba ya kitambulisho chenyewe. Chini yake saini, iliyoigwa vizuri mpaka mkia wake. Wengine watatu waliandikwa kwa neno moja: vibarua.

Kesho meneja atapima tangi, atakuta limepungua, atafungua daftari. Mtu mmoja tu atatafutwa.

Akageuka kumtazama Shemeji. Shemeji alikuwa akiangalia tairi.

SAA 8:47

Chini ya tangi kulikuwa na kivuli chembamba. Ukuta mfupi wa zege ulilizunguka, wa kuzuia mafuta yakimwagika. Karani na Dereva walikuwa kwenye lori. Kutu na Shemeji waliburuta bomba mpaka kwenye koki.

"Namba ya kitambulisho changu," akasema Kutu. "Ameipata wapi?"

Shemeji alijifanya anakaza kiungo cha bomba.

"Nakuuliza wewe."

"Ile kopi," akasema Shemeji. "Uliyonipa wakati wa msiba. Nikafuatilie kibali cha mazishi."

Siku ile Kutu hakuweza kusimama wima. Alimpa kijana huyu kitambulisho, pesa, ufunguo wa nyumba, kila kitu.

"Karani alisema ni karatasi tu," Shemeji akaendelea. "Alisema baadaye tutakuhamisha mji. Naapa, shemeji."

"Na wewe ukamwamini?"

"Nilitaka kumwamini."

Angeweza kugeuka wakati ule. Geti lilikuwa hatua mia. Lakini ageuke aende wapi? Chumbani, kwenye kitanda ambacho upande mmoja hulala shuka peke yake? Hapa, hata kama walikuwa wamekwishamuuza, palikuwa na mtu wa kumwita shemeji.

Akafungua koki.

Maji yalitoka ya kahawia, mazito, yana chembe. Yakatoka muda mrefu mno. Kutu akakunja uso. Haya hayakuwa maji ya mwezi mmoja. Tangu aondoke hakuna aliyeyatoa.

Akazunguka nyuma, kwenye kisanduku cha umeme mdogo unaopitishwa ardhini kulinda sakafu ya tangi isiliwe na kutu. Mshale wa kipimo ulikuwa umelala kwenye sifuri. Swichi imezimwa, buibui wamejenga. Akapitisha kidole pale ukuta wa tangi unapokutana na sakafu. Rangi ilikuwa imevimba kama ngozi iliyoungua. Akabonyeza. Chuma kikamomonyoka kama biskuti.

"Wamekuacha," akanong'ona. Hakujua anamwambia nani.

SAA 9:21

"Limejaa!" Dereva akapiga kelele toka juu ya lori. "Funga!"

Kutu akazungusha koki. Ikakwama. Akaikaza kwa mikono miwili, taratibu, kama anamgeuza mgonjwa. Ikasogea kidogo. Halafu shingo ya bomba, pale inapotoka tangini, ikakatika.

Dizeli ilimpiga kifuani ikamwangusha chali. Alipoinuka ilikuwa imeshafika vifundoni. Akatazama kona ya ukuta wa zege. Pale palikuwa na koki nyingine, ya kutolea maji ya mvua kwenda mtaroni. Inatakiwa ifungwe mwaka mzima. Ilikuwa wazi. Mtaro ule ulipita katikati ya nyumba za watu, na Jumapili saa hizi majiko yalikuwa yanawaka kandokando yake, na kina mama wanafua.

"Chomoa bomba! Panda!" akaita Karani.

"Koki ya mtaro iko wazi!"

"Yakimwagika hayazoleki, mzee! Panda!"

Shemeji alikuwa na mguu mmoja kwenye ngazi ya lori. Kutu akamnyooshea mkono.

"Nisaidie. Dakika mbili tu. Peke yangu siwezi."

Shemeji akamtazama Karani. Karani aliingiza mkono ndani ya ovaroli na kuuacha humo. Shemeji akapanda. Mlango ukafungwa.

Lori lilipoanza kuondoka, spana kubwa ikarushwa dirishani. Ikaanguka kwenye dizeli, karibu na miguu ya Kutu. Hakuona ni mkono wa nani, lakini alijua.

SAA 9:26

Aliifunga koki ya mtaro peke yake kwa ile spana, amepiga magoti, dizeli imefika kiunoni, macho yanawaka moto. Ilikubali mara ya nne. Kisha akavua ovaroli, akaizungusha kwenye kipande cha mti alichookota kando, akakisukuma kwenye tundu la bomba lililokatika. Kikarudishwa. Akakisukuma tena.

Mlinzi akaja mbio. "Wenzako wameondoka! Wamepita na kizuizi changu! Zimamoto nimeshawapigia!"

"Najua. Gongea hapa. Kwa rungu lako."

Mlinzi akagonga. Mti ukazama. Mkondo ukapungua, ukawa kama mkojo wa mtoto. Wakaushikilia, bega kwa bega, wakihema, mpaka kikosi cha zimamoto kilipofika.

"Ungekimbia," akasema Mlinzi.

"Mtaro ulikuwa wazi."

Mlinzi akafikiri. "Nitawaambia polisi uliufunga."

"Waambie na mengine pia. Usije ukapoteza kazi kwa ajili yangu."

SAA 11:40 JIONI

Afisa wa polisi alikuwa mtu wa makamo, amechoka. Kibali kilikuwa mbele yake.

"Hili ni jina lako?"

"Langu."

"Saini yako?"

"Si yangu."

"Wenzako ni nani?"

Kutu akatazama mikono yake. Ilikuwa bado inanuka dizeli.

Afisa hakumlazimisha. Akachukua simu ya Kutu kutoka kwenye bahasha. "Haya. Tunatakiwa kumjulisha ndugu. Una nani?"

Swali dogo. Kutu alilizunguka muda mrefu kuliko yote aliyoulizwa. Wazazi, hapana. Mtoto hakujaliwa. Mke, yuko udongoni.

"Shemeji," akasema hatimaye. Neno lilishamtoka ndipo akaona alichofanya.

Afisa akapiga, akaweka sauti ya juu, akalaza simu mezani. Ikaita. Kutu akaomba isipokewe.

Ikapokewa.

"Shemeji!" Sauti ilikuwa ya mtu aliyetoka kulia. "Uko hai? Nimewaacha, nimeshuka njiani. Nisamehe, shemeji. Niambie uko wapi nije nikuchukue. Naja sasa hivi."

Afisa aliinua kidole kumwashiria Kutu atulie, na mkono mwingine ukavuta kalamu. Akaandika juu ya bahasha: mwambie aje.

Miaka miwili Kutu hakuwa amesikia mtu akimwambia anakuja. Alitamani kuiacha sauti ile iendelee kuongea tu, hata kama ni matusi, mpaka usingizi umchukue pale kwenye kiti.

Akaisogelea simu.

"Usije," akasema. "Umesikia? Usije."

Afisa akaikata simu. Wakatazamana. Kisha akamwita askari, na Kutu akasimama kabla hajaambiwa.