Kamba ya Jere Ndani ya Dalmacija

Asubuhi hiyo bahari ilikuwa shwari, nasi tulikuwa tumeshakula mkate na dagaa wa chumvi. Mume wangu Roko alishika kamba, mimi nikazungusha pampu ya hewa, na mdogo wake, Jere, akajiandaa kuzamia Dalmacija, meli ya vita iliyozama na kulala chini yetu, atuletee shaba. Ilipewa jina la jimbo la kale la Warumi, ndiyo pwani yetu hii. Mawe ya makaburi ya Warumi hao bado yamo kwenye kuta za nyumba zetu, nasi tumeshazoea kulala nayo.

"Leo usituletee vijiko tena," Roko alimtania.

"Wewe kamata kamba, kaka. Domo litie mfukoni."

Kwetu kisiwani Krapanj, kamba ya mzamiaji hushikwa na ndugu wa damu tu. Kuvuta mara moja ni kusema salama. Mara nne, nitoe.

Jere aliingia chumba cha injini. Mlango wa chuma ukarudi nyuma yake, ukabakisha upenyo wa kupitisha kamba na mpira wa hewa. Alisukuma kwa bega, kisha kwa mgongo. Haukusogea. Akavuta mara nne. Akajibiwa kwa mvuto mmoja tu, taratibu, kama anayebembelezwa. Akavuta nne tena. Moja. Humo gizani akamlaani kaka yake, ndivyo alivyotuambia baadaye.

Juu, Roko hakupata nne hata kidogo. Kila akivuta kuuliza, anajibiwa moja.

"Yuko salama," alisema, akawasha sigara.

Nilikuwa nikiutazama mkono wake. Ulikuwa umetulia, lakini kamba ikacheza.

"Roko," nilinong'ona. "Hujavuta. Mbona imejibu?"

Kamba ikacheza tena. Moja. Moja. Moja.

"Huyo siye Jere," nilisema.

Roko akavuta kamba. Ikagoma. Nilitaka kumsaidia, lakini ningeiacha pampu shemeji yangu angekufa. Nikazungusha huku nalia. Roko alivuta mpaka viganja vikachubuka, akimwita mdogo wake kwa jina. Ghafla ikalegea, na huko chini mlango ukafunguka wenyewe.

Jere alitoka hai. Kioo cha kofia yake ya shaba ya kuzamia kilikuwa kimejaa ukungu, na katikati ya ukungu palikuwa na alama ya kiganja. Roko akaifuta. Haikutoka. Akafuta tena, kwa nguvu.

Ilikuwa upande wa ndani. Kofia hiyo hufungwa kwa skrubu mabegani, na mikono ya Jere ilikuwa nje yake muda wote.