Ukurasa wa Kulia

Sixten Hallgren alikuwa na kikaratasi cha namba sitini na mbili mkononi, na mbele yake ilikuwa nusu ya mji wa Göteborg. Ilikuwa ile Jumanne ya Februari ya maandazi ya krimu, siku ambayo Mswidi hata akiwa na haraka ya kujifungua atasimama foleni kwanza. Duka la mikate lilinuka iliki na makoti ya sufu yaliyolowa theluji.

"Sitini na moja," muuzaji akaita.

Akajongea mwanamke mrefu, koti la kijani, kofia ya njano ya kufumwa, pua nyekundu kwa baridi. Hakutaka maandazi. Alitaka mkate mweusi, mzima, ukatwe vipande.

"Mashine ya kukatia imegoma leo. Utaukata nyumbani, dada."

"Nyumbani sina kisu."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja."

Watu wakatazamana. Sixten alikuwa dereva wa tramu, tena mjane wa ndoa iliyokufa ingali changa, na kwa miaka mitatu hakuwa amemsemesha mwanamke ila kumwambia asisimame mlangoni. Sijui nini kilimsukuma siku hiyo. Akachomoa kisu chake cha kukunja.

"Lete nikukatie. Kazi ya dakika mbili."

Akaukatia mkate kwenye meza ya dirishani. Mwanamke alisimama hatua tatu nyuma, mikono kaificha mgongoni.

"Mbona umekaa mbali hivyo? Siumi mimi."

"Nani kasema wewe ndiye unayeuma?"

Sixten akacheka, akidhani ni utani. Laiti angejua.

"Unaitwa nani, fundi wa mikate?"

"Sixten. Na wewe?"

"Ylva. Vipande vyako vimepinda, Sixten."

"Basi kesho nije nirekebishe."

"Njoo na kisu chako," alisema, kisha akabadilika rangi ghafla. "Au usije nacho."

Kufika Aprili walikuwa wapenzi. Ylva alikuwa mchora ramani wa halmashauri ya jiji, mcheshi, mwenye kuvaa soksi za rangi mbili tofauti kwa makusudi. Kila jioni alipiga simu.

"Umefika, tramu wangu?"

"Nimefika, kofia ya njano."

"Mzima?"

"Mzima kama kigingi."

Baada ya robo saa simu ikalia tena. "Bado mzima?" Na tena kabla ya kulala. Sixten akajiambia kwamba hatimaye amepata mtu wa kumjali, akalala akitabasamu.

Ila palikuwa na jambo la visu. Kila Ylva alipokuja kwake, visu vilihama. Kimoja alikikuta ndani ya tanuri kimeviringishwa taulo. Viwili vilikuwa kwenye roshani, chini ya chungu cha maua. Ylva mwenyewe alitumia kile kikwangulio cha jibini kisichokosekana nyumba yoyote ya Uswidi kukatia kila kitu: tango, soseji, hata keki.

"Mpenzi, visu vyangu vina miguu?"

"Labda vimechoka na wewe," akajibu, akibusu sikio lake. Lakini hakucheka.

Halafu zikaja Jumatano. Kila Jumatano saa nane hapatikani. Ukimuuliza, "nilikuwa kikaoni". Na siku moja, akiwa jikoni, Sixten akamsikia akinong'ona kwenye simu: "Nimekubali, Folke. Tuanze wiki ijayo. Ila Sixten asijue bado."

Alimhadithia Berit, dereva mwenzake, kwenye chumba cha mapumziko. Berit alikuwa ameachika mara mbili na mdomo wake haukuwa na breki.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Berit akasema, akichovya mkate wa mdalasini ndani ya kahawa. "Folke ni nani?"

"Simjui."

"Wewe humjui. Yeye anamjua."

"Labda ni mtu wa kazini tu, Berit."

"Mtu wa kazini hafichwi. Dalili ya mvua ni mawingu, kaka, na wewe umeshalowa."

Jumamosi iliyofuata Ylva alikuwa na zamu ya chumba cha kufulia cha wapangaji wote, kule chini ya jengo lake, akamwomba Sixten ashuke kutoa mashuka. Chini ya kikapu palikuwa na daftari jekundu. Sixten hakuwa mtu wa kuchokonoa mambo ya watu. Lakini moyo wenye shaka una mikono mirefu. Akalifungua, na ukurasa wa kushoto ulikuwa na mwandiko wa Ylva, safi kama ramani zake.

*Wazo: Nitamchoma S. kisu. Ninaamini: asilimia 85. Ushahidi wa kuunga: Nilitazama shingo yake alipoinama kufunga viatu. Nilijua pa kuchoma.*

Kabla macho hayajavuka kwenda ukurasa wa pili, mlango ukagongwa.

"Ni saa sita kamili," akasema mzee wa ghorofa ya tatu, kikapu chake mkononi. "Saa sita ni zamu yangu."

Katika nchi ile mtu anaweza kukusamehe kumchukulia mke, lakini si zamu ya kufulia. Sixten akaomba radhi, akatumbukiza daftari ndani ya koti lake, akakusanya mashuka na kupanda ngazi.

Tangu hapo hakuthubutu kulifungua tena lile daftari, na kila kitu kikageuka sura. "Uko mzima?" Ala, kumbe alikuwa anapima kama sumu imefanya kazi? Chai aliyoandaliwa ilipoa bila kuguswa. Usingizi ukahama. Na wiki ile ile, simu za jioni zikakatika. Ylva hakuuliza tena kama amefika, wala kama ni mzima. Sixten, aliyekuwa ameanza kuziogopa zile simu, sasa akaogopa ukimya wake zaidi.

Jumatano akabadilishana zamu na Berit ili apate njia inayopita kazini kwa Ylva. Saa nane na nusu, kwenye kituo cha mbele ya duka la vyombo, Ylva akapanda tramu yake kwa mlango wa nyuma, gauni la buluu la vitone vyeupe, mkoba kifuani. Nyuma yake aliingia mwanamume mwenye ndevu nyekundu. Sixten aliwaona kwenye kioo. Ndevu zile zikakaa kiti cha mbele, zikampa Ylva mgongo. Ylva akaketi nyuma yake, akafungua mkoba, na ndani pakametameta kisu kipya kirefu, bado kina lebo. Akaingiza mkono akakishika mpini, macho kwenye shingo ya yule mtu. Machozi yakamtiririka. Yule mtu akasema neno bila kugeuka, na Ylva, katikati ya machozi, akacheka.

Sixten akapitiliza kituo kizima. Abiria wakampigia kelele.

Jioni alipiga yeye.

"Leo mchana ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Kichwa kiliniuma."

"Pole," akasema, na akahisi neno hilo linamwachia uchungu ulimini. Alikuwa ameshazungumza na mwenye nyumba wake kuongeza jina la pili kwenye mkataba. Ufunguo wa pili ulikuwa umeshachongwa, uko mfukoni mwake. Alimpenda mwanamke huyu kupita alivyowahi kumpenda mtu, na hakujua kama anapendwa au anawindwa.

Kesho yake alimwita. Ylva akavua viatu mlangoni, akaingia na soksi zake, moja ya pinki na nyingine ya kijivu, akakuta daftari jekundu juu ya meza.

"Umelisoma," akasema taratibu.

"Nina swali moja, Ylva. Moja tu. Unataka kuniua?"

Ylva alishika ukingo wa meza hadi vidole vikawa vyeupe. Sixten alikuwa anangoja "hapana". Angekubali hapana ya aina yoyote, hata ya uongo. Midomo ya Ylva ilitetemeka muda mrefu, kama mtu anayejizuia kupiga chafya.

"Labda," akasema. "Labda ndiyo, labda siyo."

"Chukua viatu vyako."

"Sixten, nilipaswa kusema hivyo, nisikilize..."

"Nimeshasikia."

Akashuka ngazi kwa soksi, viatu mkononi. Sixten alisimama nyuma ya mlango akisikiliza nyayo zisizo na sauti, akalia kama mtoto, kisha akafunga mlango, akazungusha ufunguo mara mbili.

Zikapita siku kumi na moja. "Umeponea tundu la sindano," Berit akamwambia, naye akaitikia, lakini kila kofia ya njano iliyopanda ilimkata maini. Usiku alipanga ushahidi kichwani mwake: huu wa kunipenda, huu wa kunichukia. Alipofika mwisho alianza upya. Hakuna upande ulioshinda.

Siku ya kumi na mbili, kwenye kituo cha mwisho, abiria wote waliposhuka, mmoja alibaki. Alikuwa amevaa koti la kijani, kichwa wazi, mkate mweusi mzima mapajani.

"Una dakika ngapi?" Ylva akauliza.

"Kumi na mbili. Halafu nageuza."

"Zinatosha. Nina daktari, anaitwa Folke. Wa akili."

Sixten akakaa kiti cha ng'ambo. "Mwenye ndevu nyekundu? Niliwaona kwenye kioo."

"Ndiye. Mimi ni mgonjwa wa mawazo yanayong'ang'ania. Wengine hunawa mikono hadi inatoka damu. Langu mimi linaniambia nitamdhuru ninayempenda. Sitaki, Sixten. Nalichukia. Ndiyo maana linanitesa, ningekuwa nalitaka lisingenisumbua. Nikaficha visu. Nikakupigia simu mara tatu kila jioni kuhakikisha sijakuua bila kujua."

"Bila kujua?"

"Usicheke."

"Sicheki. Na daftari?"

"Pale hospitali wanalinganisha tiba mbili. Wagonjwa wanagawanywa kwa kura ya bahati, na wa upande mmoja wanapewa daftari: andika wazo, pima unavyoliamini, kusanya ushahidi wa huku na huku kama hakimu, mpaka wazo lionekane lilivyo bovu. Kura yangu iliangukia huko. Yuko mwenzangu mmoja, mwalimu, amepona kwa daftari peke yake, leo anafundisha. Kwangu hofu ilishuka kidogo tu, nikakwama. Najua kubishana mno. Kila nikishinda kesi, wazo linaniuliza: una hakika? Narudi mahakamani."

Sixten akakumbuka usiku wake kumi na mmoja. Akainamisha macho.

"Shaka haimalizwi kwa hoja," Ylva akaendelea. "Wakaniruhusu kuhamia upande wa pili. Huko hubishani. Unashika kisu, unakaa nyuma ya mtu, unaacha hofu ipande hadi ichoke yenyewe. Hupigi simu. Hufichi kitu. Na likikuuliza kama utaua, hujibu hapana, maana hapana moja itadai ya pili. Unajibu labda, unakwenda zako. Ni tiba ya kikatili kuliko ile, wengine wanaikimbia. Mimi ndiyo inayonifaa."

"Kwa hiyo ile labda..."

"Ilikuwa siku ya tatu. Folke alikuwa ameniambia: atakayekuuliza, hata awe nani, mjibu labda. Sikufikiri kwamba atakuwa wewe. Na nilikudanganya kuhusu kichwa kwa sababu niliona aibu. Hapo ni kosa langu, si la ugonjwa."

Upepo ulipiga mlango wa tramu. Sixten aliuliza kwa sauti ndogo, "Asilimia themanini na tano?"

"Huo ni ukurasa wa kushoto. Wa kulia hukuusoma?"

"Zamu ya kufulia iliisha."

Ylva akamtazama, akaziba uso kwa viganja, na mabega yakamtikisika. Sixten hakujua kama ni kicheko au kilio, na Ylva mwenyewe hakujua.

"Ule ulijaa mpaka pembeni," akasema hatimaye. "Ushahidi wa kupinga. Kwamba nakuamsha ukikoroma ili tu nikuone unavyokasirika. Kwamba nakupenda hadi nahesabu tramu zinazopita nikingoja yako. Niliujaza kweli kweli, na wazo halikusikia hata mstari mmoja. Ningetaka wewe usikie."

Akatoa kisu kwenye mkoba. Lebo ilikuwa imeshabanduka.

"Geuka. Nipe mgongo. Na usiniambie kwamba unaniamini, utaharibu dawa."

Sixten aliwaza kila alichokisoma na kila alichokiona kwenye kioo, na hakuna kilichomhakikishia chochote. Akageuka, akaketi, akainamisha shingo kama mtu anayefunga viatu. Nyuma yake akasikia pumzi zikienda mbio, kisha kisu kikiuma ganda la mkate, polepole, kipande kimoja, cha pili, cha tatu. Pumzi zikashuka. Mkono ukapita juu ya bega lake ukiwa na kipande kimoja, kinene huku na chembamba kule.

"Vyako navyo vimepinda," Sixten akasema huku akitafuna.

"Bado dakika ngapi?"

"Mbili."

Sixten akatia mkono mfukoni, akauweka ufunguo wa pili kwenye kiganja cha Ylva chenye makombo.

"Hamia kwangu. Visu viko droo ya juu, pamoja na vijiko. Vyote sita."

Ylva akaugeuzageuza ule ufunguo. Swali likampanda, lile lile la zamani, na safari hii akashindwa kulizuia.

"Una hakika?"

Sixten akasimama, akavaa kofia yake ya kazi, akaelekea kiti cha dereva.

"Sina," akasema. "Njoo tu."